Siki ya pilipili: kinachohifadhi si ukali

Mwaka juzi, wiki moja kabla ya Idi, nilitengeneza chupa mbili za siki ya pilipili jikoni kwangu Kawempe, Kampala. Pilipili zilikuwa zile zile, kamulali nyekundu (pilipili kichaa) nilizonunua soko la Kalerwe asubuhi hiyo. Siki nayo ilikuwa moja, ya lita moja, ya duka moja. Chupa ya kwanza nilimpa dada yangu aliyeolewa Bwera, mpakani na Kongo, akaondoka nayo kwa basi la Kasese. Ya pili nikabaki nayo. Baada ya wiki tano yake ilikuwa bado angavu, na shemeji akiinyunyizia samaki kila jioni. Yangu ilikuwa na utando mweupe shingoni, na juu ya utando madoa ya kijani yenye manyoya. Nilipozungusha kifuniko kilitoa mlio kama soda inayofunguliwa.

Jirani yangu, mama mmoja wa kutoka Bunia, alikuja kuangalia. Akainamia ile chupa, akatikisa kichwa. "Dada, haiwezekani. Pilipili haiozi. Kitu kikali vile, mdudu gani atathubutu kuingia?"

Nimelisikia neno hilo mara nyingi, kwa wauza chipsi, kwa wapishi wa harusi, hata kwa watu wanaotengeneza pilipili ya kuuza. Linaonekana kuwa na akili: kinachomchoma binadamu mdomo lazima kimchome na mdudu. Lakini ndilo fundo lililoiharibu chupa yangu, na bila kulifungua, maelekezo yoyote ya kutengeneza siki ya pilipili yanabaki kuwa bahati nasibu.

Mwasho wa pilipili unatoka kwenye kemikali iitwayo kapsaisini. Watu wengi hudhani iko kwenye mbegu. Pasua kamulali moja kwa urefu uitazame vizuri: ndani kuna uzi mweupe, laini kama sponji, ambao mbegu zimening'inia kwake. Kapsaisini hutengenezwa hapo. Mbegu zinawasha kwa sababu zimejigusisha na ule weupe, basi. Na kazi ya kapsaisini ni kudanganya neva. Katika ulimi wetu, na katika macho na ngozi, kuna vipokezi ambavyo kazi yake ni kutujulisha kwamba kitu ni cha moto, kuanzia nyuzi joto 43 hivi. Kapsaisini inavigusa vipokezi hivyo na kuviamsha hata kama chakula ni cha baridi. David Julius, mwanasayansi wa Marekani, alikitambua kipokezi hicho mwaka 1997 kwa kutumia kapsaisini yenyewe, na mwaka 2021 akapata Tuzo ya Nobel, pamoja na Ardem Patapoutian. Ndege, kwa upande wao, hawausikii mwasho huo. Wanaila kamulali kama sisi tunavyokula zabibu, kisha wanaiacha mbegu mbali na mti mama, na ndiyo maana inaota yenyewe kandokando ya mashamba bila kupandwa na mtu.

Sasa rudi kwenye chupa. Ukungu hauna neva. Hamira haina ulimi. Kile kinachokutoa machozi wewe hakitoshi kuwazuia hao kula. Ushahidi uko wazi sokoni: pita Kalerwe msimu wa mvua, uangalie chini ya gunia la kamulali lililokaa siku tatu. Utaona zilizolainika, zilizoota ukungu kwenye vikonyo, nyingine zimeyeyuka kabisa. Zilikuwa kali, na zimeoza.

Kinachohifadhi ni siki. Kwa usahihi zaidi, ni asidi ya asetiki iliyomo ndani ya siki, na kwa usahihi zaidi tena, ni kiasi cha asidi hiyo kinachobaki baada ya wewe kumaliza kuchanganya. Hapo kwenye maneno "kinachobaki" ndipo watu wengi tunapotelezea.

Siki ya dukani huandikwa kwenye lebo asilimia 5, au karibu na hapo. Maana yake ni gramu 5 za asidi katika kila mililita 100. Iliyobaki karibu yote ni maji. Siki ya namna hiyo ina pH ya kama 2.4, yaani ni chachu sana: pH ni kipimo cha uchachu, na namba ikiwa ndogo uchachu ni mkubwa. Bakteria wa kutisha kuliko wote katika vyakula vya kufungiwa, Clostridium botulinum, ambaye mbegu zake zimejaa kwenye udongo na kwa hiyo kwenye mboga, hawezi kuota wala kutoa sumu yake pale pH inapokuwa chini ya 4.6. Mbegu zake hazifi kwa maji ya kuchemka. Uchachu hauziui pia, ila unazifanya zilale. Ndiyo maana kitunguu saumu kilicholowekwa kwenye mafuta na kuachwa mezani ni hatari halisi: mafuta yanazuia hewa, na hayana uchachu wowote. Kitunguu saumu hicho hicho ndani ya siki kamili hakina hatari hiyo. Na pilipili ni hivyo hivyo: ya mafuta na ya siki watu wanaziita zote "pilipili ya chupa", wanaziweka rafu moja, na wanadhani kanuni zake ni zile zile. Sivyo. Pilipili ya mafuta ikae kwenye friji na iliwe ndani ya siku chache.

Ukungu na hamira ni habari nyingine. Hawa wanavumilia uchachu kuliko yule bakteria, tena kwa mbali. Kwa hiyo chupa inaweza kuwa chachu vya kutosha kumzuia botulini, na bado isiwe chachu vya kutosha kuzuia ukungu. Wengi huhitimisha kwamba basi ukungu ni jambo la kuudhi tu, unauengua unaendelea kula. Hapana. Ukungu unaila ile asidi. Unavyoendelea kuila, uchachu unashuka, na lango ulilokuwa umelifunga linaanza kufunguka polepole. Chupa yenye ukungu wa manyoya inamwagwa yote, pamoja na pilipili zake.

Hesabu ya chupa mbili

Nilikaa na kalamu siku ile nikaandika nilichofanya. Chupa ya dada: kamulali gramu 100, siki mililita 600. Gudulia langu: kamulali gramu 400, nilizozishindilia kwa mwiko mpaka shingoni, siki iliyobaki mililita 400, na kwa kuwa haikufika juu nikajazia glasi ya maji yaliyochemshwa, kama mililita 200. Niliyachemsha maji, nikajiona nimefanya kwa usafi kabisa.

Pilipili mbichi ni maji zaidi ya asilimia 80 ya uzito wake. Maji hayo hayabaki ndani. Siku zinavyokwenda, asidi inaingia kwenye pilipili na maji yanatoka kuifuata siki, mpaka huku na huku kulingane. Kwa hiyo kila pilipili unayotia ni kama kijiko cha maji ulichotia. Kwenye chupa ya dada, gramu 30 za asidi zilisambaa katika siki yake mililita 600 na maji ya pilipili kama 85: inatoka karibu asilimia 4.4. Kwangu, gramu 20 za asidi zilisambaa katika siki 400, maji ya pilipili kama 340, na maji yangu ya birika 200. Karibu asilimia 2.1. Nilikuwa nimeikata siki yangu zaidi ya nusu bila kujua, huku nikidhani naongeza nguvu kwa kuongeza pilipili.

Tena kulikuwa na kosa la pili. Kamulali zina hewa tumboni. Zinaelea. Zile za juu zilitokeza nje ya siki, zikawa kisiwa chenye unyevunyevu, mahali pazuri kwa ukungu kukaa kabla haujashuka chini. Na ule mlio wa kifuniko ulikuwa wa gesi ya hamira iliyokuwa ikila sukari ya pilipili. Siki ya pilipili iliyo salama haitoi gesi. Ikipumua, ujue kuna kiumbe ndani kinachokula.

Kwa hiyo kanuni yangu tangu siku ile ni moja: uzito wa pilipili usizidi sehemu moja kwa siki sehemu tano, na maji yasiingie hata tone. Anayetaka kali zaidi asiongeze pilipili, bali azipasue.

Hapa nieleze kidogo, maana ndipo watu wanapokata tamaa na kusema siki yao haiwashi. Kapsaisini haipendi maji. Inayeyuka vizuri kwenye mafuta na kwenye pombe kali, lakini kwenye maji ni kidogo mno, na siki ya asilimia 5 ni maji kwa sehemu kubwa. Ukiweka kamulali nzima, ngozi yake ngumu ikiwa haijaguswa, kapsaisini iko ndani kama mtu aliyejifungia chumbani. Itatoka, lakini polepole na kwa kiasi. Kinachotusaidia ni kwamba ulimi wetu unahitaji kidogo sana ili ulalamike. Mwaka 1912 mfamasia wa Marekani, Wilbur Scoville, alibuni kipimo cha ukali kwa kuzimua pilipili kwenye maji ya sukari mpaka waonjaji wasihisi tena kitu. Pilipili za jamii ya kamulali hufika 50,000 hadi 100,000 kwa kipimo hicho, na nyingine hupita. Na siki yenyewe ina mkono wake: uchachu unakifanya kile kipokezi cha moto kuwa chepesi zaidi kuamka. Ndiyo maana siki ya pilipili inakushtua mara moja, mwanzoni kabisa mwa tonge, wakati pilipili ya mafuta inakuja kwa nyuma na kukaa.

Njia tatu za kuongeza ukali bila kuongeza pilipili: pasua kila moja kwa ncha ya kisu, mimina siki ikiwa ya moto, na uipe muda. Wiki mbili ni mwanzo. Wiki nne ni vizuri.

Pilipili ipi, siki ipi

Majina ya pilipili yanapotosha watu. Ile ndogo, nyembamba, inayosimama wima mtini, Waganda wanaiita kamulali na Watanzania wengi wanaiita pilipili kichaa. Pilipili mbuzi ni ile ya mviringo yenye mikunjo, yenye harufu kama ya matunda. Inatoa siki yenye manukato kuliko kamulali, na kwa maoni yangu ndiyo bora kwa nyama ya kuchoma. Ukikuta maelekezo yanasema pilipili hoho, tazama kwanza mwandishi ni wa wapi. Wa zamani walimaanisha ya kuwasha. Sokoni Nairobi au Dar es Salaam leo utapewa ile kubwa isiyowasha, ambayo haitakusaidia kitu hapa.

Chagua zilizokaza, zenye kikonyo kibichi, zisizo na tundu. Tundu dogo kama la sindano ni mlango wa funza, na siki haimtoi funza. Itamhifadhi pamoja na pilipili. Kupasua kila moja kunakupa nafasi ya kumwona.

Za kukauka nazo zinafaa, tena hazina maji ya kuzimua siki. Ila uwe na uhakika zilikauka juu ya turubai au mkeka, si juu ya udongo, na hazikunyeshewa njiani. Pilipili iliyokaushwa vibaya huota kuvu anayetoa sumukuvu, na sumu hiyo haiondolewi na siki wala kwa kuchemsha. Pilipili kavu yenye harufu ya vumbi la ghala lililofungwa, iache.

Kuhusu siki, mimi hununua nyeupe ya kawaida yenye asilimia 5 kwenye lebo na alama ya Q ya Shirika la Viwango la Uganda, UNBS. Wengine wanataka ya tofaa kwa ladha, na haina ubaya alimradi asilimia ni hiyo hiyo. Nisichokubali ni kununua asidi iliyokolea ya viwandani kwa sababu ni rahisi, kisha kuizimua nyumbani kwa kukisia. Asidi iliyokolea inaunguza ngozi na koo.

Na siki ya kujitengenezea? Hapa Uganda tuna ndizi na mananasi mpaka tunayatupa, na maganda ya nanasi la Kayunga yakilowekwa kwenye maji yenye sukari yanakupa siki nzuri sana baada ya mwezi na kitu. Kwanza hamira inageuza sukari kuwa kileo; kisha bakteria wanaohitaji hewa wanageuza kileo kuwa asidi ya asetiki, na wakati mwingine wanaacha ule ute mzito unaoitwa mama wa siki. Naipenda siki hiyo kwenye kachumbari. Lakini siitumii kuhifadhi pilipili za kukaa kabatini, kwa kuwa sijui asilimia yake. Inaweza kuwa 6, inaweza kuwa 3, na ulimi hauwezi kukuambia. Karatasi ya kupima pH itakuonyesha kama ni chachu, haitakuonyesha ina asidi kiasi gani. Hiyo nalowekea pilipili chache, naiweka kwenye friji, inaisha ndani ya wiki.

Kwa kuwa nimetaja kileo, naulizwa sana na wenzangu Waislamu, hasa upande wa Kibuli na Kisenyi: si ilikuwa pombe? Siki yenyewe haina shaka. Mtume aliisifu kuwa kitoweo kizuri. Wanazuoni wanakubali kwamba mvinyo uliogeuka siki wenyewe ni halali, na walipotofautiana ni pale mtu anapougeuza makusudi kwa kutia kitu. Mwenye wasiwasi juu ya siki fulani amuulize sheikh wake, au asome lebo ajue imetokana na nini.

Siku ya kutengeneza

Chupa iwe ya glasi. Osha kwa sabuni, suuza, kisha uichemshe ikiwa imezama kabisa kwenye maji. Vitabu vya ng'ambo husema dakika 10, lakini vinazungumza na watu wa pwani. Kampala iko kama mita 1,200 juu ya usawa wa bahari, na maji yetu huchemka kwenye nyuzi 96 hivi, si 100. Ongeza dakika moja kwa kila mita 300: Kampala ni dakika 14, na aliye Kabale asikose 17. Kifuniko kiwe cha plastiki au chenye utando mzima ndani. Asidi inakula chuma. Kifuniko cha bati kilichokwaruzwa kitaota kutu ndani ya wiki chache na kutu itadondokea kwenye siki.

Osha pilipili, zitandaze juu ya kitambaa safi zikauke kabisa. Maji yaliyobaki juu ya ngozi ni maji pia. Toa vikonyo, kwa kuwa pale kilipo kikombe cha kikonyo ndipo uchafu unapojificha. Pasua. Ukiwa huna glavu, paka mikono mafuta ya kupikia kidogo kabla ya kuanza, na ukimaliza jipake tena mafuta kabla ya sabuni: kapsaisini inayafuata mafuta, halafu sabuni inaondoa vyote pamoja. Maji matupu yanaisambaza tu. Ukiungua ulimi, kunywa maziwa badala ya maji. Protini ya maziwa inaing'oa kapsaisini na kushuka nayo.

Pasha siki kwenye sufuria ya chuma cha pua au ya enameli, isiwe ya alumini. Isichemke, ikianza kutoa viputo vidogo pembeni na mvuke, itoshe. Kisha mimina siki juu ya pilipili zilizo ndani ya chupa yenye joto, kwani chupa ya baridi itapasuka. Usifanye kinyume chake, usitie pilipili ndani ya sufuria inayochemka. Wahenga waliuliza pilipili usiyoila yakuwashiani, lakini mvuke wa siki uliobeba kapsaisini unamwasha kila mtu aliyemo ndani, mtoto aliyelala chumba cha pili na jirani wa ukuta mmoja. Fungua madirisha, na mwenye pumu atoke nje.

Gonga chupa taratibu mezani. Utaona hewa ikitoka kwenye zile pasuo, viputo vikipanda kama shanga, na pilipili zikianza kuzama moja moja. Napenda kusimama hapo nikiziangalia. Zinazokaidi, zisukume kwa kijiti safi, au uweke kipande cha karoti kizito juu kizibanie chini ya siki. Jaza siki mpaka zifunikwe zote. Chumvi kijiko kidogo ukitaka. Hiyo ni ya ladha, kwa kiasi hicho haihifadhi chochote.

Ukiwa umetia na kitunguu saumu, nacho kikageuka buluu au kijani baada ya siku kadhaa, usikitupe. Ni kemikali zake za salfa zilizokutana na asidi, na hazina madhara. Pilipili za kijani nazo zitapoteza rangi yake ya kung'aa na kuwa kama jani la mgomba lililokauka, kwa sababu asidi inauvunja ukijani wa majani. Nyekundu zinabaki nyekundu, kwa kuwa rangi yake haiyeyuki kwenye siki, na ndiyo sababu siki yako haitawahi kuwa nyekundu kama ya chupa za dukani. Zile zimesagwa, na nyingi zimetiwa rangi na vikolezo vya kuzifanya nzito.

Hapo tena kuna mkanganyo. Anayesaga pilipili na chumvi na kuziacha zichachuke zenyewe anafanya kazi tofauti kabisa: bakteria wanatengeneza asidi yao ya laktiki ndani ya chupa, gesi inatoka, na kupumua kwa kifuniko ni dalili nzuri. Tabasco, inayotengenezwa Avery Island, Louisiana, tangu mwaka 1868, inapitia njia zote mbili: pilipili zilizosagwa na chumvi zinakaa kwenye mapipa miaka kadhaa, kisha ndipo zinachanganywa na siki. Na achari ni kitu kingine tena, yenye maembe au ndimu, mafuta na bizari. Dalili njema ya moja ni dalili mbaya ya nyingine. Kabla ya kuuliza kama chupa yako imeharibika, jua kwanza ulikuwa unatengeneza ipi.

Weka chupa mahali pa baridi pasipo na jua. Mezani huwa katika ubora wake kwa miezi miwili au mitatu, kwenye friji zaidi ya hapo. Mimi naitumia zaidi kwenye katogo, yaani matoke yaliyopikwa pamoja na utumbo, na kwenye mchicha uliochemshwa, kijiko kimoja mwishoni, moto ukiwa umezimwa. Na kila unapomimina, angalia kiwango cha siki. Ikishuka pilipili zikatokeza, ongeza siki. Siki, si maji wala ndimu iliyobaki kwenye kisahani.

Chupa ya dada iliisha mwezi wa kumi. Aliirudisha kwa kondakta wa basi, imefungwa kwenye gazeti, pilipili zikiwa bado ndani, na ujumbe kwenye simu: "Jaza tu tena, bado zinawasha." Ni kweli zilikuwa zinawasha. Kapsaisini nyingi ilikuwa haijatoka, na nimewahi kujazia siki mara ya pili juu ya pilipili zile zile nikapata chupa nzuri tu. Lakini hizi zilikuwa zimesafiri kutoka Bwera bila siki ya kuzifunika, siku nzima kwenye joto la basi. Nilizimwaga, nikaiosha chupa, nikaweka maji jikoni, dakika 14.